Waliponiambia Una Damu Nyingi, Nilifurahi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo.

Barua zote nilizokuandikia tangu nihamie mjini zilianza kwa kukujulisha kwamba mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Leo nimekaa na kalamu muda mrefu hapo mwanzo. Juu yako hakuna tena cha kuhofia, na mimi siwezi kuandika kwamba ni mzima. Kwa hiyo naanza bila salamu hizo.

Najua hukuwa msomaji. Uliishia darasa la pili, ukatolewa shule uje unibebe mimi, mama apate nafasi ya kulima. Barua zangu alikusomea Zaina, binti yako, na ukiipenda sentensi unamwambia airudie. Hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia nililifanya kwa siri, na siri hiyo siwezi kukaa nayo tena.

Ngoja nianzie kwenye miguu yako.

Ule mfereji unaopita chini ya shamba lako la kabichi, kule juu ya Mlali, maji yake ni ya baridi hata mwezi wa kumi na mbili. Siku moja nilipanda kuja kukuona, nikakukuta umekaa ukingoni, khanga umeipandisha magotini, miguu yote miwili ndani ya maji. Nilidhani unaosha tope. Nikakuamkia, nikakaa karibu yako. Tulizungumza habari za mjini, tukazungumza habari za nani kaoa na nani kaachika, na miguu yako bado imo mle mle. Nilipoingiza kidole changu nikakitoa haraka.

"Dada, huumii na baridi hii?"

"Inaniwaka, mdogo wangu. Nyayo na vidole. Kama nimekanyaga majivu ya moto. Nikiitia humu napata nafuu."

Wanawake wawili walipita na mizigo ya karoti kichwani. Mmoja akacheka. "Mama Zaina, bado unapoza injini?"

Ukamjibu bila kugeuka. "Injini ya zamani hii, shoga. Ikipata moto mlima haiupandi."

Nilicheka nanyi. Ulikuwa na jibu kwa kila kitu. Hata ulipoanza kujikuna kila ukioga maji ya moto, ukajikuna mpaka mikono ikatoka michirizi, na majirani wakasema una jini la maji, ulisema, "Jini gani huyu anakataa maji ya moto na baridi hii ya mlimani? Huyo si jini, huyo ni mpumbavu." Tulicheka tena. Sote tulikuwa tunaziangalia dalili zako, na sote tulikuwa tunacheka.

Baadaye kikaja kichwa. Ulisema kimejaa, kama ndoo iliyofunikwa. Ukaanza kuona vimulimuli mbele ya macho, ukachoka kabla ya saa nne asubuhi, wewe ambaye ulikuwa unamaliza matuta mawili kabla mimi sijafunga kamba za viatu. Ulikuja dukani kwangu, pale ninaposhonea, ukakaa kwenye kiti cha wateja ukaegemeza kichwa ukutani. Nikakutazama. Mimi si daktari, nimeishia la saba, lakini nilikuwa na uhakika kabisa.

"Dada, damu imekupungukia."

Nilijua hivyo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa na miaka sita, malaria imenikausha, viganja vyangu vyeupe kama unga. Ulikuwa binti wa miaka kumi na minne. Ulinibeba mgongoni hadi zahanati, ukanirudisha mgongoni, halafu kwa wiki nzima ulichemsha majani ya matembele, ukayachuja, ukakaa mbele yangu na kikombe. Nilikuwa nalia. Ulisema, "Kunywa, baba. Kunywa urudishe damu." Nilikunywa, na damu ikarudi. Toka siku ile nilijua kwamba mtu akichoka amepungukiwa damu, na anayempenda anamnywesha kitu chekundu au kichungu mpaka airudishe.

Basi nilikununulia rozela kavu na bitiruti sokoni, nikachemsha, nikasaga, nikachuja kwa kitambaa kipya cha pamba nilichokikata kwenye jora. Nikajaza chupa kubwa. Kila Jumamosi lori la mboga la Mzee Kibwana liliposhuka na magunia yako ya karoti, lilipanda na chupa yangu. Ndani ya mfuko niliweka na kikaratasi, maana mtandao kule bondeni kwako unashika ukitaka wenyewe. Niliandika maneno machache tu. "Nusu asubuhi, nusu jioni. Usimgawie mtu."

Halafu kidole cha mguu wako wa kushoto, kile cha pili, kikawa cha zambarau. Ulisema umejikata na jembe. Kidole kikawa cheusi kwenye ncha, na hukukumbuka kujikata siku gani. Ndipo nikasema twende hospitali.

Unakumbuka tulivyokaa kwenye benchi lile, wewe umevaa raba zangu kwa sababu kandambili zilikuwa zinakuchoma? Walichukua damu, wakatuambia turudi. Tuliporudi, daktari yule binti, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, aliangalia karatasi yake, akakuangalia wewe, akaangalia karatasi tena. Kisha akasema, "Mama ana damu nyingi."

Dada, nilifurahi. Lazima niliandike hili. Nilinyanyuka kwenye kiti. Nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nilitoa simu nikampigia Zaina pale pale, nikamwambia, "Mama yako ana damu nyingi!" na Zaina akapiga kigelegele huko mlimani. Nilidhani chupa zangu zimefanya kazi. Nilidhani nimesifiwa.

Daktari alisubiri nimalize. "Baba," akasema, "kaa chini kwanza. Hii si habari njema."

Aliyoeleza siku ile nayakumbuka kwa sababu alieleza kama mtu anayezungumza na watu, si na karatasi. Alisema ndani ya mifupa kuna uboho, na uboho ndilo jiko la damu. Jiko la watu wengine linapika na kupumzika. Lako lilikuwa halizimwi. Lilikuwa linapika chembe nyekundu ambazo mwili haukuziagiza, mpaka damu ikawa nzito kama uji uliolala.

"Sasa kuna mishipa inaitwa ateri," akasema, akachora kwenye karatasi. "Inatoa damu kwenye moyo, inaipeleka kila mahali. Mishipa hii inataka damu nyepesi. Damu ikiwa nzito namna hii inaweza kuganda humo humo ndani, ikaziba. Hiki kidole ni ateri zake ndogo zimeziba. Ile miguu kuwaka, ni ugonjwa huo huo. Leo ni kidole. Sitaki kesho uwe moyo au ubongo."

Uliuliza umeupata wapi. Akasema hukuupata popote, haukuletwa na mtu wala chakula, ni kitu kidogo kimebadilika kwenye uboho, na ni ugonjwa adimu sana. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona wachache.

Ukatikisa kichwa. "Kumbe mimi tajiri. Watu wanahangaika kutafuta damu, mimi ninayo ya kumwaga."

"Ndiyo dawa yenyewe, mama," daktari akasema. "Tutaimwaga."

Akaeleza kwamba watakutoa chupa moja, kama wanavyowatoa wanaochangia, halafu nyingine, na nyingine, mpaka kipimo kishuke. Na vidonge viwili vya kila siku. Ukauliza hiyo damu atapewa nani. Akasema hapewi mtu, inaharibiwa. "Basi hata mgonjwa mmoja haitamfaa," ukasema, na hilo ndilo lililokuumiza kuliko sindano.

Mlimani walikataa. Unajua mwenyewe walivyosema kwenye kikao cha ukoo, wewe umekaa kwenye mkeka. Mzee mmoja alisema, "Tangu lini mgonjwa akatolewa damu? Hao ni chinjachinja. Wa zamani walikuwa wanavizia njiani, wa sasa wamevaa makoti meupe." Wengine wakaitikia. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwenye lukolo, yaani ukoo wetu, neno zito juu ya nyumba yako lilikuwa langu, mimi mjomba wa Zaina. Nilisimama. Nikasema dada yangu atakwenda, na asiyetaka anifuate mjini nimpeleke kwa daktari akamuulize mwenyewe. Hakuna aliyenifuata. Siku ile nilikuwa upande wa haki, dada. Nalikumbuka hilo mara nyingi, jinsi nilivyosimama mbele ya watu wote nikasema lililo sawa.

Chupa ya kwanza ilipotoka, ulikaa kitandani ukapepesa macho kama mtu aliyeamka. "Kichwa kimetua mzigo," ukasema. Tulirudi nyumbani kwangu ukala wali wote, ukamtania mke wangu kwamba pilipili zake ni za kupimwa kwa kijiko cha chai. Miguu haikuwaka jioni ile. Wiki mbili baadaye wakatoa nyingine. Kisha nyingine.

Ni baada ya ile ya nne ndipo nilipokuona unatembea kutoka stendi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka. Ulisimama mara tatu njiani, ukashika ukuta. Ulipofika nikakuangalia kucha, zimekuwa bapa na nyeupe. Pembe za midomo zimechanika. Ulimi mweupe. Ulikaa kwenye kiti kile kile cha wateja ukasema, "Nimechoka, baba," na ukalala umekaa, katikati ya mchana, cherehani ikilia.

Nilimuuliza daktari. Sitasema kwamba sikuuliza. Akaniambia hiyo ilitarajiwa. Kila chupa inayotoka inatoka na madini ya chuma, na chuma ndiyo kuni za lile jiko. "Tunataka kuni zipungue, jiko lipoe," akasema. "Atachoka kidogo, tutamwangalia. Lakini asipewe dawa yoyote ya kuongeza damu. Umenielewa, baba? Si vidonge, si ya maji. Hiyo ni kumwagia petroli."

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa. Watu wakinisamehe wakidhani sikuelewa, watakuwa wamemsamehe mtu mwingine.

Lakini yeye alikuwa anaiona karatasi, na mimi nilikuwa nakuona wewe. Nilikuwa nakuona na kucha zako. Niliona viganja vyako vimekuwa kama vyangu nilipokuwa na miaka sita. Nikasema moyoni, hawa wamezidisha, wamemtoa mpaka ya kwake. Nikaenda duka la dawa, nikanunua chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu, ile ya rangi ya hudhurungi. Nikaichanganya kwenye juisi ya rozela, kwa kuwa rozela ni nyekundu na haionyeshi. Sikukuambia, kwa sababu ulikuwa umemsikia daktari kwa masikio yako, na wewe ulikuwa mtu wa kutii.

Jumamosi ile Mzee Kibwana alipandisha chupa. Jumatatu ulipata mtandao, ukanipigia.

"Mdogo wangu, juisi ya safari hii ina ladha ya msumari."

"Ni chupa, dada," nikasema. "Chupa ilikuwa na kifuniko cha bati."

"Aa. Basi nitainywa hivyo hivyo. Umehangaika."

Hukuuliza tena.

Rangi ilikurudia. Ndani ya wiki tatu Zaina aliniambia unapalilia. Ulinipigia unacheka, ukasema umepanda mpaka kwenye shamba la juu bila kupumzika. Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika ukasema, "Najisikia vizuri, njegere zimekomaa, niende au nisiende?" Nikakujibu, "Pumzika kwanza, utakwenda mwezi ujao. Ngoja damu ikae." Hayo ni maneno yangu. Nilijiona nimemshinda daktari. Kwenye duka, nikikanyaga cherehani, nilikuwa naimba.

Zilikuwa chupa tano zenye dawa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, umande bado uko kwenye njegere. Zaina anasema ulikuwa umetangulia mstari mmoja mbele yake. Alisikia kapu linaanguka. Alipoinua macho ulikuwa umesimama unautazama mkono wako wa kulia kama wa mtu mwingine. Alikuita. Ulifungua mdomo umwite na wewe, likatoka neno lisilo lake, na upande mmoja wa uso ukawa umelala. Walikushusha kwa pikipiki, umewekwa katikati ya dereva na Zaina, amekufunga kwake kwa khanga kama mtoto. Mlali wakapata gari.

Nilikukuta hospitali umefumba macho. Daktari yule yule alitoka na karatasi. Alisema ni kiharusi, damu imeganda kwenye ateri ya ubongo. Kisha akasema kipimo chako kimepanda haraka mno, hakielewi. Akaniuliza taratibu, hata hakuwa ananishuku, "Baba, kuna kitu kingine alikuwa anatumia? Dawa za kienyeji? Za kuongeza damu?"

Zaina alikuwa amesimama kando yangu.

Nikasema, "Hapana."

Uliishi siku moja na nusu zaidi. Siku ya pili alasiri nilikuwa nimekushika miguu chini ya shuka. Ilikuwa baridi. Nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu ipoe, nikaendelea kuisugua ipate moto, mpaka muuguzi akaja akanishika bega.

Kwenye msiba watani walikuja, kama ilivyo desturi. Yule mama mnene wa ukoo wa watani zetu, unamjua, yule uliyemnyang'anya mbuzi kwenye msiba wa mumewe, aliomba beseni la maji baridi. Akaketi katikati ya ua, akatia miguu yake ndani, akapandisha khanga, akaanza kuugua kwa sauti yako. "Nipozeni jamani, injini inawaka! Mlima siupandi!" Watu waliokuwa wanalia walianza kucheka wakiwa na machozi. Ungekuwepo ungemmwagia lile beseni.

Kisha akanigeukia mimi. Akanyoosha kidole mbele ya watu wote.

"Na huyu! Huyu mjomba wa mjini! Kila Jumamosi juisi, kila Jumamosi juisi! Kamjaza dada yake damu mpaka kapasuka, kumbe analitaka shamba la kabichi! Mkamateni huyo, ndiye kaua!"

Ua mzima ulicheka. Wazee walipiga mapaja. Mtani akisema, halina kosa. Unacheka, unampa chochote, anakuachia. Hata Zaina alitabasamu, kwa mara ya kwanza toka siku ile. Alinishika mkono akasema, "Mjomba, usimjali huyu. Hakuna aliyemtunza mama kama wewe."

Nilicheka, dada. Nilicheka na wenzangu, nikampa mtani kuku.

Baada ya arobaini nilirudi kwa yule daktari. Alinikumbuka. Nilimwambia yote, tangu kifuniko cha bati hadi "hapana" yangu. Alisikiliza, akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili. Ama aniambie ni mimi, ama aniambie si mimi. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana," akasema. "Huu ugonjwa unaziba ateri hata za wagonjwa waliofuata kila kitu. Angeweza kupata kiharusi bila chupa zako. Lakini ulichompa, na ile tarehe aliyoikosa, viliongeza hatari. Nikisema vingine nitakuwa nakudanganya, baba."

Nikamuuliza kwa kiasi gani. Akasema hakuna anayeweza kupima hilo sasa.

Hapo ndipo nilipo, dada. Nikiamka nasema si mimi, uboho ulikuwa na moto wake wenyewe. Nikifika kwenye cherehani nasema ni mimi. Mchana narudi kusema si mimi. Mtu aliyehukumiwa anajua kifungo chake, na aliyeachiwa anakwenda kwake. Mimi siko kokote. Kazi zinarudi na mishono imepinda, wateja wananihurumia wakidhani ni majonzi tu. Sijaweza kupita kwenye meza za rozela sokoni, nazunguka upande wa samaki. Na niliyezoea kumpelekea shida zangu zote azicheke, ndiye niliyemfanyia haya.

Kama kuna anayesoma hapa, na ameambiwa nduguye ana damu nyingi, basi amwamini aliyempima, na asimhurumie kwa siri. Ningependa kuandika zaidi ya hapo lakini mimi si mtu wa kufundisha wengine.

Wiki tatu zilizopita Zaina alishuka mjini. Aliniletea njegere. Alikuwa anazungumza habari za uzio wa shamba, ananiomba ushauri, mjomba hivi, mjomba vile. Sikuweza. Nilifunga mlango wa duka saa sita mchana nikamwambia. Nilimwambia akiwa kwenye kiti kile cha wateja.

Hakulia. Alikuwa ameshika pindo la khanga, akalikunja, akalikunjua.

"Mama alijua?"

"Hakujua."

"Mwanangu alikuwa anaililia ile juisi," akasema. "Mama alikuwa anaificha. Anasema, 'Muache huyo, atakunywa maji. Hii mdogo wangu kanitengenezea mimi.'"

Kisha akasimama, akachukua mfuko wake mtupu, akaniomba nimfungulie mlango.

Jumapili nilipanda mlimani. Nilipanda kwa miguu kutoka Mlali, nikapita kaburini kwako kwanza, nikang'oa majani yaliyoota pembeni. Halafu nikateremka nyumbani. Zaina alikuwa anapeta mchele uani. Aliponiona aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaja mpaka nilipo, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo," akasema.

Toka ajue kusema, Zaina hajawahi kuniamkia kwa neno hilo peke yake. Nilisimama nikingojea neno la pili. Alikuwa anatazama chini, amemaliza.

"Marahaba," nikasema.

Akaingia ndani. Akanitolea kiti kile cha kamba mnachowawekea wageni, na maji ya kunywa kwenye glasi, juu ya sahani, yamefunikwa. Akarudi kwenye ungo wake.

Nilikunywa maji, nikaaga.

Sikuombi msamaha, dada, maana huwezi tena kuninyima. Nakuaga tu, kama nilivyokuaga siku nyingi pale njia panda, wewe ukisema nenda na mimi nikigeuka geuka. Pumzika. Mola akupe huko mahali pa baridi.

Ni mimi,
mdogo wako uliyembeba mgongoni.